Kamio ya Marehemu: Kisa cha Kununua Lori Kuukuu la Mazutu Lubumbashi

Kisa hiki kinatoka pembezoni mwa Lubumbashi. Majina, mtaa na kila alama ya kumtambulisha mtu nimeviondoa. Hesabu za pesa zimetoka katika daftari la mnunuzi mwenyewe. Alikubali zitumike, kwa sababu anawajua wenzake wengi ambao kesho au kesho kutwa watasimama mbele ya kamio kuukuu wakiwa na akiba yao yote mfukoni.

## Usuli

Mnunuzi ni mama wa makamo anayechoma na kuuza matofali. Hapa kwetu tofali huzaliwa na kichuguu. Udongo wa mchwa unashika vizuri, na vichuguu vya msitu wa miombo ni vikubwa kupita mtu, kwa hiyo kimoja kinaweza kulisha tanuru zima. Kazi hufuata jua. Mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, vijana huanza kufyatua, matofali hukaushwa, tanuru huwashwa, na wajenzi nao huanza kujenga. Mvua ikirudi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, karibu kila kitu husimama.

Mama huyu alikuwa akikodi kamio za watu. Kila juma la kiangazi alisafirisha matofali 36,000 hivi, yake pamoja na yale anayoyanunua kwenye tanuru za majirani, umbali wa kilomita 28 hadi mjini. Safari moja ya matofali 3,000 ilimgharimu dola 75, na safari zilikuwa 12 kwa juma. Lakini dola 900 kila juma hazikumwuma kama kungoja. Mwenye kamio akipata mteja anayelipa zaidi, simu haipokewi, na mjenzi aliyekwisha kulipa anakuja kukaa mlangoni kwa mama tangu alfajiri.

Mwezi wa saba akaletewa habari ya Mercedes 1113 inayouzwa, ile yenye pua mbele. Bei dola 7,000. Kamio hiyo ilikuwa imesimama uani tangu mwenyewe alipofariki, na aliyekuwa akiiuza ni mwanawe.

Mpwa wa mama alikwisha piga hesabu, naye fundi mmoja alikwisha sema mota (injini) inaweza kufufuliwa. Mimi niliitwa kwa sababu nimeweka madaftari ya wachukuzi wadogo kwa miaka mingi. Mama aliniambia: "Yaya" (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), "mimi sitaki uniambie ninunue. Nataka uniambie kama nimehesabu vizuri."

## Kamio yenyewe

Jamii hii ya kamio za pua fupi-nene kiwanda kilianza kuitoa mwaka 1959, na ikaendelea kwa miongo. Namba yake inasema kila kitu: 11 ni tani za uzito wote unaoruhusiwa, kamio na mzigo pamoja, 13 ni nguvu za farasi 130. Mota ni ya silinda sita, lita 5.7, haina turbo wala waya za kompyuta. Fundi anayeijua anaifungua na kuifunga chini ya mwembe. Ndiyo maana kamio hizi bado zinatembea, na ndiyo maana watu wanaamini kwamba haziwezi kufa.

Fundi alisema: "Mama, kamio ni mota. Mota ikiwa nzima, ingine yote ni maneno."

Nilimheshimu kwa umri wake na kwa mikono yake. Lakini sentensi hiyo ndiyo nusura itupoteze.

## Asubuhi mbili

Siku ya kwanza tulifika saa moja asubuhi. Kijana akaiwasha, ikawaka mara moja, moshi kidogo tu. Mama akafurahi. Fundi akaweka kiganja juu ya mota, akanitazama: ilikuwa na joto. Mtu alikuwa ameiwasha kabla yetu.

Hatukugombana na mtu. Mama alimwambia kijana kwa upole, "Mwanangu, tutarudi kesho saa kumi na moja alfajiri. Tunakuomba usiiguse hadi tufike." Kijana akakubali, na alitimiza.

Alfajiri za mwezi wa saba Lubumbashi ni baridi, mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi hiyo ni rafiki wa mnunuzi. Mota ya mazutu (dizeli) haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Silinda isiyobana vizuri inaonekana pale pale asubuhi. Siku ya pili demareri (stata) ilizunguka muda mrefu, mota ikawaka kwa kuchechemea, ikatoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, halafu ikatulia. Ilipopandishwa mlima mdogo, kukawa na rangi ya samawati katika moshi, dalili ya mafuta ya mota kuungua.

Fundi akalegeza nati za mabomba ya injekteri, moja baada ya nyingine, mota ikinguruma. Kwenye silinda nzima, ukilegeza, sauti hubadilika na mota hutetemeka. Kwenye ya nne hakuna kilichobadilika. (Asiyejua asijaribu kwa kidole: mazutu ya pompi hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.) Kipimo cha mbano kikathibitisha: silinda tano zilikuwa kati ya ba (kipimo cha shinikizo) 21 na 23, ya nne ba 16. Maji ya radieta hayakuwa na mafuta, na mafuta ya mota hayakuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, kwa hiyo hatukuona dalili kwamba kulasi (kichwa cha mota) imepasuka. Lakini mafuta yale yalikuwa mapya na mazito. Mafuta mazito huficha moshi kwa muda. Hilo ni vizuri kulijua kabla ya kusifu moshi mdogo wa siku ya kwanza.

Basi mota ilikuwa imechoka lakini haijafa. Fundi alikadiria dola 1,900 kuirudisha.

Nilimwomba tutazame sasi, ile fremu ya chini inayobeba kamio nzima. Alisita kidogo, maana aliona tumekwisha maliza. Tukasugua kwa brashi ya waya penye mabano ya springi za nyuma, tukapaka mafuta ya taa, tukapangusa, tukapaka chaki. Mafuta ya taa yanaingia katika ufa usioonekana kwa jicho, kisha yanatoka polepole na kulowesha chaki. Tukangoja. Upande wa kushoto ukatokea mstari mweusi mwembamba, urefu wa kidole cha shahada. Karibu yake kulikuwa na kiraka cha zamani kilichochomelewa.

Fundi alinyamaza. Kisha akasema, "Hii ni uzito."

Orodha ya matengenezo, mbali na mota, ilikuwa hii: breki dola 620, kwa sababu ngoma zilikuwa zimelika na mipira kuukuu, sasi 380, radieta, pompi ya maji na mipira yake 340, matairi manne ya mtumba yenye hali nzuri 560, nyaya, taa na batri 200. Jumla 2,100. Pamoja na mota, 4,000.

## Hesabu mbili

Hesabu ya mpwa haikuwa ya kitoto. Kwa kila safari aliweka mazutu dola 20, gharama za njiani 5, na akiba ya matairi na matengenezo 10. Hiyo akiba watu wazima wengi huisahau. Safari 12 zikawa dola 420, mshahara wa dereva na kijana wake 80, jumla 500. Badala ya kulipa 900 kwa wenye kamio, mama angebaki na 400 kila juma. Akazidisha kwa majuma 52: dola 20,800 kwa mwaka. Ununuzi 7,000 na matengenezo 4,000 vingerudi kwa majuma 28.

Nilikuwa na maswali mawili tu kwake. Tofali moja lina uzito gani? Na je, juma la mwezi wa pili ni sawa na juma la mwezi wa nane?

Tulichukua matofali kumi makavu, tukayapima kwenye mizani ya muuza unga. Kilo 30. Kwa hiyo matofali 3,000 ni tani 9. Kamio tupu, kwa karatasi zake, ilikuwa na tani 4.6. Ukiondoa kwenye 11, zinabaki 6.4: matofali 2,000, dereva, na vijana wanne wa kupakua wanaoketi juu. Basi. Kila kamio iliyokodiwa na mama miaka yote ilikuwa imebeba tani mbili na zaidi zisizo zake, na mwenye kamio ndiye aliyezilipia, katika springi, katika breki, katika sasi. Ufa tulioupaka chaki ulikuwa ni huo huo mzigo. Mama hakuwa amewahi kuuona kwa sababu haukuwa wake. Akinunua, utakuwa wake.

Hesabu mpya ikawa hivi. Ili kupeleka matofali 36,000 kwa uzito halali, safari ni 18 kwa juma, tatu kwa siku. Gharama 630, mshahara 80, jumla 710. Faida ya juma ni dola 190, chini ya nusu ya ile ya mpwa. Na majuma ya kiangazi ni 24, hayafiki 52: dola 4,560. Wakati wa mvua njia ya tanuru ni tope jekundu, na hata matofali yenyewe yanakunywa maji na kuwa mazito. Kwa miezi hiyo tulikadiria dola 50 kwa juma kutokana na kazi ndogo za barabara ya lami, yaani 1,400. Mwaka mzima ni dola 5,960.

Mpwa alizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu pale alikuwa ameamini ile hesabu ya kwanza, mimi pia kwa dakika chache.

## Warithi

Karte roze (kadi ya umiliki wa gari) ilikuwa na jina la marehemu. Kijana alisema mdogo wake na dada yake wamekubali, na alikuwa na karatasi yenye sahihi tatu. Tukauliza marehemu aliacha watoto wangapi. Watano.

Hapa ndipo ununuzi mwingi hufa baadaye, baada ya pesa kwisha kutolewa na mota kwisha kutengenezwa. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wote wa marehemu katika tabaka la kwanza la warithi, wa kike na wa kiume, wa mji na wa mbali. Mtoto mmoja hawezi kuuza cha wote. Mama alisema hatatoa hata dola moja hadi awaone.

Dada wa mwisho alikuwa Kolwezi, kilomita 300 hivi. Hakuwa ameambiwa kwamba kamio inauzwa. Alipopigiwa simu alilia; alisema baba yao aliwasomesha kwa kamio hiyo, na kama itatoka uani basi atoke naye kuiaga. Kaka yake aliona aibu. Siamini alikuwa mwizi. Alikuwa mtoto mkubwa mwenye madeni ya msiba mabegani.

Kikao kilifanyika siku kumi na sita baadaye, mjane akiwa ameketi katikati. Watoto watano walitia sahihi mbele ya notere (mthibitishaji wa hati). Mama alihesabu pesa mezani mbele yao wote, na mjane akazihesabu tena. Kabla ya kuondoka, dada wa Kolwezi alimwomba mama asifute maandishi yaliyokuwa juu ya kioo cha mbele. Bado yapo pale.

## Maamuzi, na sababu zake

Kabla ya kikao tulikwisha weka bei ya mwisho. Mama alikuwa na dola 8,000. Tulitenga 1,000 zisiguswe, kwa ajili ya siku ambayo kamio itasimama na bado matofali yanatakiwa kwenda. Zikabaki 7,000 za kununua na kufanya matengenezo ya kwanza. Ukitoa 2,100, bei ya juu kabisa ilikuwa 4,900. Namba hiyo iliandikwa katika daftari na sote wawili tukaweka sahihi. Nilitaka iandikwe kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakiongeza dola 800 kwa kuwa tu kamio imewaka vizuri siku ile.

Kijana alishuka hadi 5,200. Mama aliaga akaondoka. Aliagana naye kwa heshima, akamwambia mlango wake uko wazi. Katika kikao familia yenyewe ilikubali 4,900, na nadhani zile siku kumi na sita zilifanya kazi kuliko maneno yetu.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya mota. Fundi alitaka kuianza hiyo. Sisi tukaamua breki kwanza, kisha sasi, kisha maji ya kupoza mota, na mota yenyewe ifunguliwe Januari, wakati kamio ingesimama hata kama ni mpya. Kamio yenye silinda moja dhaifu inakwenda polepole na kula mafuta. Kamio isiyo na breki, ikiwa na tani 6 za matofali na vijana wanne juu yake, inaua watu. Sasi haikuchomelewa tu tena. Fundi mwingine, wa vyuma, alitoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee, akaweka bamba la kuimarisha na kulifunga kwa bolti.

Vinyeti (kodi ya gari) ya miaka miwili, bima na uhamisho wa karte vilichukua dola 310. Sikuwa nimeziweka katika hesabu. Zilitoka katika ile akiba ya 1,000, siku ambayo hata kamio haijasogea.

## Matokeo

Matengenezo yaliyoahidiwa majuma mawili yalichukua matano. Kosa hili ni langu. Fundi alisema akilipwa kazi yote mara moja atapunguza dola 150, nami nikamshauri mama akubali. Alipokwisha kulipwa, kamio za wateja wengine, waliokuwa bado na pesa mkononi, zikapita mbele ya yetu. Tuliokoa 150 na kupoteza majuma matatu ya kiangazi, ambayo kwa hesabu yetu wenyewe yalikuwa dola 570. Kamio ilianza kazi mwisho wa mwezi wa tisa na kufanya majuma matano tu kabla ya mvua kubwa.

Januari mota ilifunguliwa. Silinda ya nne ilikuwa na segmenti (pete za pistoni) mbili zilizovunjika. Bili ilikuwa dola 2,300, kwa sababu pompi nayo ilibidi ipelekwe kupimwa. Safari hii fundi alilipwa kwa mafungu matatu, la mwisho baada ya kuwasha mota alfajiri, baridi, mbele ya mama. Alimaliza kabla ya siku aliyoahidi.

Kiangazi kilichofuata ndicho kipimo cha kweli. Siku za kazi zilikuwa 144. Kamio ilitembea siku 117. Kati ya siku 27 ilizosimama, 19 zilikuwa mfululizo, mwezi wa nane, kungoja kipuri cha bwate (sanduku) ya gia kilichotakiwa kuja kutoka nje. Safari zilikuwa 318 badala ya 432. Kukodi kwa matofali hayo 636,000 kungegharimu dola 15,900; kamio ilitumia 13,050. Faida ikawa 2,850, mbali na 4,560 tulizotarajia.

Mvua ndiyo iliyotushangaza. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alihitaji kamio ya kupeleka saruji na mabati kwa wateja wa mjini, barabara ya lami tupu, na alimtaka mtu anayefika kwa saa. Msimu huo ulileta dola 2,300. Mwaka ukafunga kwenye 5,150.

## Uchambuzi

Watu wakinisikia nikisimulia kisa hiki huniuliza: basi alifanya vizuri kununua, au vibaya? Kwa dola 7,000, akibeba tofali 3,000, angekuwa amenunua ufa wa sasi kwa bei ya juu, na nina hakika angeuza kamio hiyo kwa hasara kabla ya miaka miwili. Kwa 4,900 amepata kitu kinachojilipa polepole. Ametumia 9,150 bila kuhesabu karatasi, na kwa mwendo huu pesa zitarudi katika mwaka wa pili. Si utajiri. Lakini mjenzi haji tena kukaa mlangoni kwake alfajiri, na thamani hiyo sikujua kuiweka katika safu yoyote ya daftari.

Kilichotusaidia zaidi ni mizani ya muuza unga. Kupima matofali kumi kulichukua dakika tano na kukabadilisha hesabu kuliko kipimo chochote cha mota. Mota ilikuwa na sauti na moshi, ikavuta macho ya wote, na hata baada ya bili ya 2,300 haikutudanganya: tulijua ni mbovu, tulijua itafunguliwa lini. Sasi haikuwa na sauti. Warithi nao hawakuwa na sauti, hadi tulipouliza wako wangapi.

Kilichoshindwa ni jinsi tulivyohesabu siku za kusimama. Tuliweka akiba ya dola 10 kwa kila safari kwa ajili ya vipuri, kana kwamba kipuri kikiwa na bei yake basi kipo. Dola zilikuwepo mwezi wa nane, kipuri hakikuwepo. Kwa kamio ya umri huu ningetaka sasa swali lingine liulizwe kabla ya bei: ni vipuri gani vinapatikana hapa hapa mjini leo, na ni vipi vya kungoja? Vile vya kungoja ndivyo vya kununua mapema na kuweka ndani, hata kama vya sasa bado vinafanya kazi. Mama amekwisha nunua pompi ya maji na diski ya ambreyaji (klachi), zimefungwa katika gunia chini ya kitanda.

Jambo moja lilijitokeza ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwanzoni dereva aliahidiwa nyongeza kwa kila safari. Katikati ya mwezi wa sita mama alikwenda tanuruni bila kutarajiwa, akahesabu matofali garini: 2,700. Dereva hakuwa na nia mbaya; wajenzi walimpa kitu kidogo kwa kila mia zilizozidi, na kwake kamio ilikuwa inapanda mlima bila shida. Mama hakumfukuza. Alifuta nyongeza ya safari, akapandisha mshahara wa juma, na akachora mstari mweupe wa rangi ndani ya bodi, kimo cha matofali 2,000. Yakipita mstari, vijana wenyewe hawapakii tena.